Ng'ombe Wawili Naliowaficha

Khabari hii nimekaa nayo kifuani zaidi ya miaka mitatu, na mara mbili nalishika kalamu kisha nikaiweka, kwani si jambo jepesi kwa mtu anayewafundisha watoto wa watu kusema kweli, aandike kwa mkono wake kwamba yeye mwenyewe alisema uwongo. Lakini naona vijana wetu wengi sasa wanaingia katika kazi nitakayoitaja, na sisi wazee tunakaa vibarazani tukiwajibu tupendavyo. Basi nimeona kunyamaza ni kubaya zaidi.

Mimi ni mwalimu wa madrasa karibu na Mumias, magharibi ya Kenya. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, sikuvuka hapo. Pande zetu hizi, tangu miaka ya 1990, tumezoea kutembelewa na wale tunaowaita "watu wa maswali". Huja kijana na mkoba wake, zamani akichukua karatasi na kalamu na siku hizi tableti, akaomba ruhusa, akakaa nawe saa nzima au mbili akikuuliza: mko wangapi nyumbani, jana mlikula nini, una mbuzi wangapi, mwezi uliopita ulikopa kwa nani. Nyuma ya kijana huyo yuko mtafiti, na mara nyingi huyo naye ni kijana, mwanafunzi wa chuo kikuu cha mbali anayetafuta shahada ya udaktari katika elimu ya uchumi, ile sehemu yake inayochungua kwa nini maskini ni maskini, na msaada upi humfaa na upi haumfai.

Mwaka 2022 walifika kwangu. Karani aliyebisha hodi alikuwa mwanafunzi wangu mwenyewe, naliyemsomesha tangu alifu mpaka akakhitimu, akaenda sekondari, akamaliza na chuo kikuu, kisha akakaa miaka miwili bila ya kazi. "Shikamoo, Maalim," akaniambia, na alikaa mkekani kama alivyokuwa akikaa zamani, magoti pamoja. Akanieleza kuwa nyumba yangu imetoka kwa kura. Akanisomea maneno ya kuomba idhini: kwamba majibu yangu ni siri, kwamba naweza kukataa, na kwamba kujibu hakutaniletea msaada wo wote.

Hayo ya mwisho naliyachukua kuwa ni maneno ya adabu tu. Nani atoke ng'ambo aje ahesabu kuku wangu bure? Alipofika kwenye mifugo akauliza ng'ombe, nikasema sina. Nalikuwa nao wawili. Walikuwa kwa shemeji yangu, ng'ambo ya mto, nami nikajipa hila ya kifakihi: hapa uani pangu hapana ng'ombe. Na ada wanazonilipa wazazi nikazipunguza pia. Kijana aliinua macho akanitazama kidogo, kwani ng'ombe wale aliwahi kuwakamua kwa mikono yake alipokuwa chuoni kwangu. Lakini alinionea haya. Aliandika kama alivyoambiwa.

Baada ya majuma matatu alikuja karani mwengine, binti nisiyemjua, na maswali machache tu. Mimi nalikuwa mazikoni. Mke wangu, Mungu amlipe kheri, hana hila. Aliulizwa ng'ombe akasema wawili.

Sikujua wakati huo kazi ile inavyokwenda. Nyumba kadhaa katika zile zilizokwisha ulizwa, pengine moja katika kumi, hurejewa na mtu mwengine kwa maswali yale yale, kisha majibu hupambanishwa. Yakikhitalifiana sana, tuhuma ya kwanza haimwendei mwenye nyumba. Humwendea karani, kwamba alikaa chini ya mwembe akajaza majibu kwa kichwa chake. Na si dhulma kushuku hivyo, kwani makarani wa namna hiyo wapo. Mwanafunzi wangu akaitwa, akaulizwa, akasimamishwa kazi mpaka ijulikane. Wala hakusema, "Maalim alinidanganya." Alisema huenda alikosea kuandika. Alinisitiri, na sitara yangu ikamgharimu riziki yake. Khabari hizi nalizipata kwa mama yake, si kwake.

Ndugu msomaji, mimi ndiye nisomeshaye watoto jinsi wanazuoni wa hadithi walivyoihifadhi elimu yao. Huwaambia juu ya Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, yaani 870, na wenzake: kwamba hawakupokea khabari mpaka wamjue mpokezi mmoja mmoja katika silsila, kama ni mkweli, kama hifadhi yake ni nzuri, kama kweli alikutana na yule anayemtaja. Usiku ule naliona kuwa yule binti aliyerudi na maswali machache alikuwa akifanya jambo niliijualo kwa jina na sikulitambua kwa sura. Na mpokezi aliyeivunja silsila alikuwa mimi, wa mwanzo kabisa, na lawama ikampata wa pili.

Asubuhi nalipanda matatu nikaenda Kakamega kwenye ofisi yao. Nalitarajia kumkuta mzungu mkubwa nyuma ya meza kubwa. Nalimkuta binti wa miaka ishirini na saba hivi, anakohoa, ana kikombe cha chai iliyopoa, na Kiswahili alichojifunza Unguja, kilichonyooka kuliko changu. Nikamweleza yote, pamoja na ile hila ya ng'ambo ya mto. Hakunikemea. Aliniuliza nalidhani maswali yake ni ya nini. Nikamwambia nalidhani ni orodha ya wa kupewa. Akaandika jambo hilo katika daftari lake, na nadhani lilimfaa kuliko majibu yangu yote ya kwanza. Siku ya Jumatatu kijana alirudi kazini. Ujira wa siku tisa alizokaa nyumbani haukurudi, basi nikauza mbuzi wawili nikampelekea. Akakataa kabisa. Nikampa mama yake.

Tulizungumza sana siku ile mimi na yule binti, na hapo ndipo nalipofahamu hali ya hawa watafiti wachanga, ambao sisi huwaona kama wameletwa na ndege ya fedha. Masomo yao ya udaktari ni miaka mitano au sita, na wengi kabla ya hapo hukaa mwaka mmoja au miwili wakiwa wasaidizi wa mtafiti mkubwa. Fedha za kulipa makarani huziomba huku na huku, kidogo kidogo. Mwisho wa yote hutakiwa kuonyesha makala moja, na kwa makala ile hupata kazi au hukosa. Akipata, huhesabiwa tena miaka sita au saba mingine kabla ya kuambiwa abaki au aondoke. Mtu wa namna hii, majibu yakiwa ya uwongo kama yangu katika nyumba nyingi, miaka yake yote imekwenda na maji. Na majibu yakiwa ya kweli lakini yakaonyesha kuwa jambo alilolipima halikuleta faida yo yote, hapo hupata mtihani mwengine mkubwa zaidi, kwani nafsi humwambia atafute pembe moja ya hesabu itakayoonyesha faida.

Nikamuuliza kama imewahi kutokea. Akanisimulia jambo la hapa hapa jirani, nami nalifurahi sana kulisikia. Michael Kremer, Mmarekani, alipomaliza shahada yake ya kwanza alikuja akafundisha mwaka mmoja katika shule ya sekondari huku kwetu Kakamega. Baadaye, akiwa mwalimu kijana wa chuo kikuu, yeye na wenzake walichagua shule za msingi 100 za Busia na Teso, na mwaka 1996 shule 25 katika hizo zikapewa vitabu vya kiada bure. Kila mtu alijua jawabu kabla ya kuuliza: watoto walikuwa hawana vitabu, wakipewa watafaulu. Matokeo ni kwamba kwa jumla alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu zamani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huku Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Makala yale yalitoka mwaka 2009, na hayakuficha.

Hapo nalicheka peke yangu, hata binti akashangaa. Kwani miaka ya nyuma tajiri mmoja, Allah amtakabalie, alituletea madrasani masanduku sita ya vitabu vya nahau vilivyopigwa chapa vizuri sana, kwa Kiarabu kitupu. Wanafunzi watatu waliviweza. Waliobaki walivibeba kwenda na kurudi, na wengine walivikunjua juu chini. Nami kila tajiri alipouliza nalimwandikia kuwa watoto wanaendelea vizuri. Sikumwambia kuwa tulihitaji mwalimu wa kuanza nao chini, pengine kwa robo ya gharama. Yeye alikuwa na haki ya kujua, nami nalimnyima, na wala hakukuwa na mtu wa kupima.

Naliona basi kwamba kijana anayerudi na kusema "jambo hili halikufaa" amefanya ibada ngumu kuliko anayerudi na bishara. Hata waliokuwa na bishara hawakusalimika na hesabu. Edward Miguel alikuwa bado mwanafunzi alipofanya kazi na Kremer katika shule 75 za Busia juu ya dawa za minyoo. Kundi la kwanza la shule lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Makala yao ya mwaka 2004 yalisema utoro shuleni ulipungua kwa robo. Baadaye wakawapa watafiti wengine wa London takwimu zao zote na njia ya hesabu yao, na mwaka 2015 wale wakatoa makosa waliyoyaona. Wenyewe walikiri kuwa yako makosa ya hesabu, wakashikilia kuwa jambo lao kubwa limesimama, na wengine wakakataa. Ubishi ulikuwa mrefu. Mimi si wa kuamua baina yao. Ninalolitazama ni kwamba mtu alimpa mpinzani wake funguo za ghala. Mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa njia hii ya kupima. Na ile maabara ya utafiti wa umaskini ambayo Banerjee na Duflo waliianzisha pamoja na mwenzao mwaka 2003 katika chuo cha MIT huko Marekani, ina jina la Abdul Latif Jameel, mfanyabiashara Mwislamu wa Saudia, kwa ajili ya mwanawe aliyeisaidia kwa mali. Vijana wetu wanaodhani elimu hii ni ya watu wengine na walijue hilo.

Hata miwa yetu imepimwa. Watafiti wawili waliokuwa wachanga, Lorenzo Casaburi na Jack Willis, walitoa makala mwaka 2018 juu ya bima ya mazao kwa wakulima wa miwa wa magharibi ya Kenya. Walipotakiwa kulipa mwanzo, waliokubali walikuwa 5 katika 100. Bima ile ile ilipokatwa katika fedha za mavuno, walikubali 72. (Suala la bima kisharia ni mlango mwengine, siufungui leo.)

Lakini lipo jambo lililonikera na nalimwambia yule binti waziwazi. Katika makala hizo juu huandikwa majina ya waandishi, na wanaozunguka na jua nyumba kwa nyumba, wanaojua nani anadanganya kwa haya na nani kwa hofu, huwamo chini katika shukrani, tena si wote. Mwanafunzi wangu alijua nina ng'ombe wawili. Ile tableti haikuwa na mahali pa kuandika ajuavyo yeye. Binti alikaa kimya kidogo, kisha akasema ni kweli. Mwaka wa pili wa kazi alimtoa kijana kwenye kuuliza, akampa kazi ya kuyatunga maswali pamoja naye.

Nalitaka khabari iishe hapo kwa uzuri, lakini haikuisha hivyo. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, kazi nyingi za namna hii zilisimama, na kijana wangu ni katika waliorudishwa nyumbani. Sasa jioni anawafundisha hesabu watoto wa madrasani kwangu, na usiku anajaza karatasi za kuomba masomo ya shahada ya pili. Binti naye bado anaandika. Huniletea salamu kwa simu, na hajapata kazi.

Mwezi uliopita alibisha hodi karani mwengine, wa utafiti mwengine kabisa. Alipofika kwenye mifugo nikainuka nikamwambia, "Njoo, mwanangu, ukawahesabu mwenyewe." Akasema kanuni yake ni kuandika nisemavyo. "Basi andika ng'ombe wawili na ndama mmoja, wako ng'ambo ya mto, kwa shemeji. Na mbuzi, pungufu wawili." Akauliza pungufu ya wangapi. Mke wangu akacheka kule ndani, nami nikamwambia aandike watano.