Mita 40 za Tambarare

Basi la Kigali kwenda Kamembe linaondoka Nyabugogo likiwa limejaa, na kwa saa sita hivi abiria hana la kufanya ila kutazama vilima. Ukishapita Huye barabara inaanza kujikunja, na ukiacha Nyamagabe unaingia msitu wa Nyungwe, wenye baridi, ukungu, na kima wanaokaa kando ya lami wakitazama magari. Nilikuwa natoka Mwanza kupitia Rusumo, ambako nilirudisha saa yangu nyuma kwa saa moja. Nilikuwa naelekea Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ambako sikuwahi kufika. Mwalimu mwenzangu wa michezo wa huko, tuliyejuana kwenye mafunzo, alikuwa ameniomba nije nimsaidie kufundisha watoto kuruka chini na miruko mitatu wakati wa likizo kubwa. Ujanani nilikuwa mrukaji wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, si mbaya, si wa kusifiwa.

Ilikuwa Jumatatu, 25 Julai 2022, na simu za abiria wenye vifurushi zilikuwa na habari za usiku wa Eugene, Marekani. Malaika Mihambo alikuwa ametwaa tena ubingwa wa dunia wa kuruka chini. Alianza vibaya, akaharibu miruko yake ya mwanzo, kisha akafika mita 7.12. Nyuma yake, kwa mita 7.02, alikuwa Ese Brume wa Nigeria. Sisi Watanzania tunampenda Malaika kwa sababu baba yake ni Mzanzibari, na kila akishinda tunasema "binti yetu". Lakini alizaliwa Heidelberg, akakulia Ujerumani, akafundishwa huko, na medali zimeandikwa Ujerumani. Mimi pia nilishangilia. Sikuona haya.

Wawili hawa walikuwa wamefuatana kwa muda. Kwenye mashindano ya dunia ya Doha 2019, Malaika alichukua dhahabu kwa mita 7.30, Brume akapata shaba. Tokyo, kwenye Olimpiki iliyofanyika 2021, Brume alikuwa ameshika nafasi ya juu kwa mita 6.97 tangu mruko wake wa kwanza. Malaika akamaliza kwa mita 7.00 katika mruko wake wa mwisho, na Brume akaishia shaba tena. Sentimita 3! Mtu aliyewahi kuruka anajua sentimita 3 ni nini: ni kidole cha mguu kilichokanyaga ubao mapema kidogo.

Kamembe hadi mpakani ni karibu. Unateremka, unaona ziwa Kivu linaishia, na mto Rusizi unaanza safari yake ya kwenda Tanganyika. Darajani wanapita akina mama wa Bukavu wakiwa wameinama, mizigo mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso na kuacha alama. Mmoja alikuwa na gunia lililomzidi kimo. Nilimpisha, akasema "Aksanti, papa," bila kuinua kichwa. Kadi yangu ya homa ya manjano ilitazamwa, pasi ikagongwa muhuri, nikawa Kongo.

Mji wenyewe umekaa juu ya rasi zinazoingia ziwani na juu ya vilima vilivyo nyuma yake. Upande wa ziwa, Muhumba na Nguba, kuna nyumba za zamani zenye bustani. Kadutu ni habari nyingine: nyumba juu ya nyumba, ngazi za udongo, mifereji ambayo mvua imeichimba hadi kuwa makorongo. Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyenipandisha hakupunguza mwendo hata pale ambapo mimi nilifumba macho. Swali moja lilinijia njiani: hapa mtoto anapata wapi mita 40 za tambarare?

Maana ndizo zinazotakiwa. Sheria ya riadha inataka njia ya kukimbilia isiyopungua mita 40, na mteremko usiozidi 1 kwa 1000. Kisha ubao mweupe wenye upana wa sentimita 20, na mchanga wenye upana wa karibu mita 3. Basi. Ni vitu vichache, na Bukavu vichache hivyo ni ghali.

Mwenyeji wangu alikuwa ametengeneza vyake. Nyuma ya shule, kati ya ukuta na shamba la mihogo, alipata kipande kilichonyooka. Shimo lilichimbwa kwa jembe na kulainishwa udongo, mchanga haukuwepo. "Huku mucanga ni ya kujenga nyumba, papa, haiko ya kuruka," aliniambia akicheka, na bei ya lori moja aliyonitajia ilinyamazisha swali langu la pili. Ubao ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa chokaa na kuzikwa sawa na ardhi. Mbele yake aliweka tope laini, ili likae na alama ya mguu wa anayekanyaga mbele. Kupima walitumia tepu mbili za fundi cherehani zilizoshonwa pamoja, zikihamishwa kila baada ya mita 3.

Binti mmoja wa miaka kumi na minne au kumi na mitano alitoka ukutani, bila viatu, akaja kasi. Hatua ya mwisho kabla ya ubao aliifupisha bila kufundishwa. Hilo ndilo jambo ambalo wengine huchukua miaka kulipata. Alitua kwenye udongo mkavu kwa matako na kiwiko, akainuka akijifuta. Mita 4 na sentimita 70 hivi. Kwenye mchanga halisi angeweza kunyoosha miguu bila woga, na angeongeza.

Watoto walipopumzika waliniuliza habari za Nigeria, kwa sababu mmoja wao alisikia redioni jina la Brume. Nikawapa na la Chioma Ajunwa. Tarehe 2 Agosti 1996, Atlanta, mruko wake wa kwanza ulikuwa mita 7.12, na hakuna aliyemfikia usiku ule. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Nigeria. Alikuwa askari polisi. Kabla ya hapo alikuwa kwenye kikosi cha mpira cha Nigeria kilichocheza Kombe la Dunia la wanawake la 1991 nchini China, kisha akafungiwa miaka minne kwa kosa la dawa. Sikuwaficha. Watoto hawapendi mabingwa waliosafishwa kupita kiasi. Binti wa mita 4.70 aliuliza, "Na kwa miruko mitatu?" Nikamtajia Ajayi Agbebaku, aliyeruka mita 17.18 Helsinki mwaka 1983 na kuipa Nigeria medali yake ya kwanza ya mashindano ya dunia. Akaenda kuzihesabu hatua kumi na saba uani. Zilifika kwenye mihogo.

Kwetu Afrika Mashariki tuna kauli ya uvivu: Mungu alitupa pumzi za mbio ndefu, akawapa Waafrika wa Magharibi miguu ya kuruka. Nimeisikia kwa viongozi wa michezo, na nimeisikia Bukavu. Haina ukweli. Malaika, damu ya Zanzibar, alipata mchanga Ujerumani. Hata Brume, mtoto wa Ughelli, jimbo la Delta, alikwenda Kupro kusoma na kufanya mazoezi. Na ng'ambo ya ziwa, Wanyarwanda walikuwa wakishindana kuruka juu muda mrefu kabla ya mzungu yeyote kufika. Mjerumani mmoja aliyepita huko 1907 aliacha picha za warukaji hao na kudai kipimo cha mita 2.50. Kipimo hicho sikiamini, maana waliruka wakianzia juu ya kichuguu kidogo, lakini picha zipo.

Isitoshe, Bukavu ina faida ambayo Lagos haina. Iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa nyepesi humpa mrukaji nyongeza kidogo. Mexico City, mita 2,240, ndiko Bob Beamon alikoruka mita 8.90 mwaka 1968, na ndiko rekodi ya dunia ya miruko mitatu ilikovunjwa mara tano katika siku mbili. Kilima kinachowanyima watoto hawa tambarare ndicho kinachowapa hewa hiyo.

Jioni tulikula ugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, pilipili nyingi, tukapiga hesabu. Njia ya kukimbilia ipo, ikinyooshwa kidogo kwa kung'oa mstari mmoja wa mihogo. Mwenye shamba amekubali. Kinachobaki ni lori la mchanga na tepu ya kupimia. Lori tumeanza kulichangia walimu wa Mwanza. Msomaji mwenye safari ya kupita Rusizi, weka kwenye begi lako tepu ya mita 20, ile ya mafundi ujenzi. Uwanjani itatumika siku hiyo hiyo.