Jabali la Lobo na Mkono wa Mwanangu

Ndugu msomaji, nyumba yaweza kuwa na salamu na isiwe na mazungumzo. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Tarime, matokeo ya kidato cha pili yalipotoka Januari na kijana wangu wa kwanza akatakiwa kukariri darasa. Nilimwambia, mbele ya wadogo zake, kwamba amenitia aibu. Tangu siku hiyo ikawa "Shikamoo, baba" na "Marahaba", basi.

Mama yake ndiye aliyesema, "Mchukue, mwende mahali ambapo hamtaweza kukimbiana." Likizo ya Juni ilipofika tukaenda Mugumu, tukalala kwa shemeji, na baada ya swala ya Alfajiri tukaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa lango la Tabora B, tukaelekea Lobo.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1951, nasi watu wa Mara, majirani zake, wengi wetu twaijua kwa nyumbu tu. Lobo ni nchi ya majabali. Ni mawe ya itale, yaliyopoa na kuwa magumu chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Udongo uliyafunika ukamomonyoka, yakabaki yamesimama. Jua la mchana na baridi ya usiku huyabambua tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Katika nyufa zake hukaa pimbi, mbuzimawe huruka juu yake, na simba hupanda kutazama mawindo. Kwa sababu hiyo mgeni hashuki garini popote apendapo. Tulishuka mahali paliporuhusiwa, na mwongozaji akatupandisha.

Mwanangu alipanda kama pimbi. Mimi goti langu la kulia halinitii siku hizi. Nilikwama katikati ya mteremko, siwezi kupanda wala kushuka. Akageuka. Hakucheka. Aliteremka, akaninyooshea mkono.

"Baba, weka mguu kwenye ufa huo. Usitazame chini. Uzito wako niachie mimi."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia tangu Januari.

Kule juu palikuwa na shimo katika mwamba, limejaa maji ya mvua. Mwongozaji alitueleza kuwa ndege na wanyama wadogo huja kunywa hapo. Nikaikumbuka aya ya 74 ya Suratul Baqara, ambamo mioyo iliyosusuwaa imefananishwa na mawe, kisha Mola wetu akatujulisha kuwa yapo mawe yanayotoa maji. Jiwe lile lilikuwa limewawekea pimbi maji. Mimi nilikuwa nimemwekea nini mwanangu?

Nikamwambia, "Nilikosea kusema vile mbele ya wadogo zako. Nisamehe."

Alinyamaza kitambo, akikwangua mwamba kwa kucha. Kisha akasema, "Baba, hesabu sizielewi tangu darasa la sita. Niliogopa kukwambia."

Miaka yote hiyo nilimlipia ada, nikamkagua sare na viatu, wala sikuwahi kufungua daftari lake.

Tulitia udhu kwa maji ya chupa, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya, kwa kuwa tulikuwa safarini. Nilimtanguliza yeye awe imamu.

Sasa, baada ya Isha, tunakaa na daftari la hesabu mezani. Mengine nami siyajui, hivyo twaulizana. Sijui mtihani ujao utakuwaje. Hilo tumemwachia Mwenyezi Mungu baada ya kufanya sehemu yetu.

Ndugu mzazi, mtoto akianguka, tuulize alipokwama kabla ya kuhesabu aibu tuliyoipata. Mwanangu aliponikuta nimekwama jabalini hakuniuliza kwa nini. Alinionesha pa kuweka mguu.