Dada wa Tumbo Moja

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2007 ulitoa hesabu hii kwa nchi yetu: vifo 549 vya wanawake kwa sababu ya mimba na uzazi, kwa kila watoto 100.000 wanaozaliwa hai. Uliofuata, wa 2013-2014, ulitoa 846. Umoja wa Mataifa nao ukakadiria 547 kwa mwaka 2020. Je, tulipanda mlima kisha tukateremka? Mimi nasoma lugha, si tiba, basi niliziacha namba kwanza nikaangalia swali lililozizaa.

Kwetu vifo vingi haviandikishwi popote. Kwa hiyo watafiti hupita nyumba kwa nyumba, wakiwauliza wanawake juu ya ndugu waliozaliwa nao kwa mama mmoja: nani yu hai, nani alikufa, na kama ni dada, je, alikufa akiwa na mimba, akizaa, au ndani ya miezi miwili baada ya kuzaa?

Sasa lipeleke swali hilo Lubumbashi. Binti wa mama mdogo ni yaya wangu au mdogo wangu, basi. Kumwita binamu ni kumtoa nyumbani.

Nilimjaribu mama yangu jikoni. Nilipouliza juu ya dada zake, alitaja wanne. Niliposema «wa tumbo moja», alitaja wawili, akanyamaza, kisha akaniuliza: «Na ule mwenye alikufa na damu, unamutupa wapi?» Huyo alizalia kwenye kituo cha afya, mbele ya mkunga. Damu ya kumwongezea haikuwapo, na gari la kumpeleka hospitali kubwa lilidai pesa kwanza. (Utafiti ule wa 2013-2014 ulikuta watoto wapatao 8 kwa 10 wanazaliwa katika vituo vya afya. Kufika kituoni, kumbe, ni nusu ya safari tu.)

Kati ya wale wawili wa tumbo moja, mmoja ni marehemu. Mama alisema: «Aliugua tumbo.» Jioni shangazi alinieleza taratibu kwamba alikuwa msichana wa shule, na mimba ilikuwa ya miezi mitatu, na mtu fulani alimpa dawa ya kuitoa. Kwenye fomu asingeandikwa kuwa alikufa akiwa na mimba.

Sisemi hesabu ni za uongo. Bila hizo tungebaki na vilio tu, na sidhani kama huduma ya bure ya kuzaa ingeanza Kinshasa mwaka 2023. Nasema tu kwamba anayetafsiri fomu ana kazi nzito kuliko anavyolipwa, na kwamba Kiswahili cha vitabu hakimtoshi.

Kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho nakusanya namna wazee wa mtaani kwetu wanavyokitaja kifo hiki. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyetamka neno mimba. Wanasema: aliugua tumbo, damu ilimshinda, alienda kuzaa hakurudi.