Lenzi Pana Katika Ukumbi wa Wanawake

Wiki hii twaomba ruhusa tuzungumze juu ya kioo. Si kioo cha kujitazamia, bali lenzi ya kamera, ile pana yenye uwezo wa kuona penye giza, ambayo vijana kadhaa hapa Isiolo wamekwisha kuinunua kwa fedha ambazo mzee wa Kiborana angezihesabu kwa ng'ombe. Kina mama wametuuliza mara kwa mara kama yafaa kumkaribisha mwenye lenzi hiyo katika usiku wa wanawake, ule ambao sisi watu wa Pwani twauita kupamba. Hatukutaka kutoa neno juu ya kitu tusichokifahamu, basi tukawaendea wanaoimiliki.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Lenzi hii haivuti. Ina umbali mmoja tu, kwa kawaida milimita 24, na anayetaka kumkaribia mtu sharti atembee kwa miguu yake. Upana wake ni nyuzi 84 hivi ukipima kutoka kona hata kona ya picha, yaani ukiwa umesimama mlangoni waweza kuupata karibu ukumbi mzima. Wapiga picha huiita lenzi ya kasi, nasi tulidhihaki jina hilo mpaka tulipofahamishwa maana yake: tundu lake hufunguka mno, hivyo nuru kidogo hutosha na picha hupigwa upesi. Tundu hilo hupimwa kwa herufi f na nambari, na nambari ikipungua tundu hupanuka. Lenzi ya f/1.4 huingiza nuru mara 4 kuliko ile iliyofunguliwa f/2.8.

Elimu hii si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir na kuchunguza nuru ipitayo katika tundu dogo kuingia chumba cha giza. (Wako wasemao kuwa neno kamera limetoka katika Kiarabu. La, ni la Kilatini, na maana yake ni chumba tu. Tusijitwalie kisicho chetu, vilivyo vyetu vyatutosha.)

Mmiliki wa kwanza tuliyemwendea ni dereva anayewachukua wageni Samburu na Buffalo Springs. Yeye huipenda kwa ajili ya nyota, kwa kuwa huko porini hakuna taa za mji. Huiacha kamera juu ya miguu mitatu kwa sekunde 20 hivi, na akizidisha nyota huwa michirizi. Lawama yake ni kwamba tundu likifunguliwa lote, nyota za pembeni huota mabawa. Tulimwuliza kama yafaa kwa kuutazamia mwandamo, akacheka kwa adabu: "Sheikh, kwa lenzi pana mwezi hutoka kama punje ya ulezi." Kwa hiyo jioni ya tarehe 29 macho yetu yataendelea na kazi yake.

Wa pili ana duka la picha mjini. Huyu alisifu jambo moja, kwamba umeme ukikatika harusi haikatiki, taa moja ya sola yamtosha. Akalalamikia vumbi la Isiolo, ambalo humzuia kubadilisha lenzi nje, na uzito. Lenzi ya Sigma ya namna hii, iliyotoka mwaka 2015, ina gramu 665. Ile ya Sony ya mwaka 2018 ina gramu 445, na tofauti hiyo, asema, mkono huitambua saa sita za usiku.

Wa tatu ni binti wa ndugu yetu, anayepiga picha za wanawake peke yao huko Bulapesa. Maneno yake ndiyo yaliyotukalisha. "Ami," alisema, "zamani flashi ilikuwa inanisemea. Ikimulika, kila mtu ajua amepigwa picha, asiyetaka huvuta mtandio. Sasa simuliki, na kamera haitoi hata mlio. Nampiga bibi harusi, na pembeni wameingia watu sita waliokwisha kuvua mabuibui, wala hawana habari."

Akatuonyesha picha moja, kwa idhini ya mwenyewe, ya bibi harusi na nyanya yake wameshikana mikono ya hina chini ya taa hafifu. Twakiri kwamba flashi isingeweza kuileta rangi ile. Basi hatuungani na wanaosema lenzi hii ipigwe marufuku. Ila upana na ukimya wake umemwondolea mgeni ulinzi aliokuwa nao bila kuuomba, na ulinzi huo sharti mtu aurudishe kwa mkono wake.

Yeye huurudisha hivi. Hutandika mkeka karibu na kiti cha bibi harusi, na mama mwenye nyumba hutangaza kwamba atakayekaa juu yake atapigwa picha. Kisha husogea karibu sana na kuuelekeza mgongo wake kwa ukumbi. Usoni hakaribii kupita kiasi, kwani lenzi pana hurefusha pua, na ya nyanya haisamehewi. Usiku uleule humkabidhi mama wa bibi harusi kadi ya kamera, asibaki na nakala.

Hapo yeye na mwenye duka hawapatani. Mwenye duka asema picha zahitaji kusafishwa kwenye kompyuta, na kadi sharti ilale kwake siku kadhaa. Hoja yake ya kazi twaifahamu, lakini wanawake walioingia pembeni hawakumwajiri yeye. Tungependa binti asafishe picha akiwa nyumbani kwa bibi harusi, kwenye kompyuta yake, mama akiwa kando kumwambia ipi ifutwe. Ijumaa ijayo ana harusi nyingine Bulapesa, na familia imekwisha kukubali sharti hilo kabla ya kutaja bei. Chumba cha kazi kimetengwa, na mkeka umeazimwa kwetu.