Mambo Hupotea Kwenye Makabidhiano

Safari ya familia ina mahali pake pa kuharibikia, napo ni pale mnapobadili chombo. Mkiwa mmeketi ndani ya basi au treni, hata mtoto msumbufu husinzia. Balaa huanza mlango unapofunguka, mizigo inaposhushwa, na kila mtu anapoamini kwamba kile cha maana kimeshikwa na mwenzake.

Shule zilipofungwa Desemba, tulitoka Kampala kwenda Mombasa: mimi, mume wangu, watoto, na mama yangu ambaye watoto humwita Jjajja. Watoto walikuwa wameahidiwa treni ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, na tembo wa Tsavo njiani. Lakini mtu wa Kampala akiitaka treni hiyo, sharti kwanza alale kwenye basi hadi Nairobi. Namawojjolo tukanunua kuku na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kama desturi ya wasafiri wa njia ile. Mpakani Malaba tukashuka kupanga foleni ya uhamiaji. Vitambulisho vya taifa, vinavyotuvusha Waganda kwenda Kenya tangu 2014, tulikuwa navyo. Pasi za watoto hazikuonekana.

Mume wangu alikuwa amempa Jjajja azitunze. Jjajja, usingizi ulipomzidi, akampa binti yetu mkubwa. Binti akazitia chini kabisa ya kikapu cha chakula, mahali ambapo mwizi hangepafikiria. Hakuna aliyezembea. Kila mmoja alifanya jambo la busara, kisha akanyamaza. Zilipopatikana zikinuka kuku, foleni ilikuwa imetupita na dereva anapiga honi.

Muda uliopotea Malaba haukurudi. Msongamano wa Mombasa Road ukaongeza wake, na tulipofika stesheni ya Syokimau treni ya mchana ilikuwa imeondoka. Tukapata ya usiku, viti vimetawanyika mabehewa mawili. Tsavo tukaipita gizani, bila tembo hata mmoja. Jjajja akawasimulia wajukuu habari za simba waliokula wajenzi wa reli hapo Tsavo mwaka 1898, na abiria wa viti vya jirani wakaacha simu zao wakasikiliza.

Nami nikawa nawaza kuhusu reli yenyewe. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Kampala mwaka 1931 baada ya daraja la Mto Nile pale Jinja kukamilika. Wazee wetu walipanda treni Kampala wakashukia Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika moja la reli likagawanywa, na kila nchi ikabaki na kipande chake. Reli mpya iliyojengwa na kampuni ya Kichina ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikasogea hadi upande wa Naivasha mwaka 2019, ikakomea huko. Uganda nayo ilitia saini mkataba mwaka 2024 na kampuni ya Kituruki wa kujenga reli kutoka Malaba hadi Kampala. Nchi nazo, kama sisi na zile pasi, hupoteza mengi pale mmoja anapoishia na mwingine anapotakiwa kuanzia.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mtoto hubaki getini hadi jioni kwa sababu baba alijua mama amemtuma boda boda, na mama alijua baba atampitia. Mzazi mgonjwa ana watoto watano wenye uwezo, na dawa zinamwishia, maana kila mmoja anajua fulani amenunua. Huku mjini tunalaumiana kwa kukosa upendo, ilhali mara nyingi upendo upo tele. Kilichokosekana ni sentensi moja: "Nimekupa wewe," na jibu lake: "Nimepokea."

Tuliporudi kutoka Mombasa, kila mzigo ulikuwa na mwenyewe, na kila kilichobadili mikono kilitajwa kwa sauti mbele ya wote. Watoto walilifanya jambo hilo mchezo. Malaba tulivuka bila kutafuta chochote.

Basi ndugu msomaji, kabla ya safari ya sikukuu, kabla ya kumwachia mdogo wako zamu ya hospitali au jirani ufunguo wa nyumba, usimwachie kwa kudhani. Ukikabidhi, mtaje unayemkabidhi. Ukipokea, itika.