Stima haibishi hodi ikiondoka

Nimepotea kidogo. Nilikuwa nasaka hitilafu kwenye programu yangu, na mwishowe nikagundua mkosaji ni mimi mwenyewe.

Kisa ni hiki. Niliunda kifaa kidogo cha kusoma mita za maji kwenye ploti ya mjomba. Kila kinapowaka, kifaa huchagua nambari ya nasibu ya kikao, kisha hutuma vipimo kwa seva yangu. Nambari ya kikao ikijirudia, seva hudhani ni ujumbe wa zamani na kuutupa. Mwezi jana vipimo vya siku mbili vilipotea, mjomba akakadiria bili, na wapangaji wakamjia juu. Kufungua logi za seva, nikakuta nambari ile ile ya kikao mara tatu!

Kifaa hicho hakina chanzo kingine cha nasibu kinapowaka. Jenereta yake, niliyoiandika kwa kufuata Fortuna ya Ferguson na Schneier (2003), huanza na mbegu ya baiti 64 iliyo kwenye faili. Mbegu ile ile hutoa nambari zile zile, kwa mpangilio ule ule. Mimi nilikuwa nahifadhi mbegu mpya wakati wa kuzima tu. Stima ikikatika ghafla, mbegu ya zamani inabaki pale pale na kusomwa tena. Kibaya zaidi, funguo za siri za kifaa zinatoka kwenye jenereta hiyo hiyo.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walipata funguo za siri za RSA za asilimia 0.5 ya seva za TLS walizochunguza, nyingi zikiwa za vifaa vidogo vilivyounda funguo kabla ya kupata nasibu ya kutosha.

Sasa nafanya hivi:

1. Nasoma baiti 64 kamili. Zikipungua, programu inakataa kuendelea, kwa sababu stima ikikatika faili inaweza kubaki tupu.
2. Kabla ya kumpa yeyote nambari hata moja, natengeneza mbegu mpya na kuiandika.
3. Naandika kwenye faili ya kando, naita fsync, nabadilisha jina lichukue nafasi ya ile ya zamani, kisha naita fsync kwenye folda yenyewe.
4. Ruhusa za faili ni 0600. Anayeisoma mbegu anaweza kukokotoa nambari zako.
5. Nikinakili kadi kwa kifaa kingine, mbegu hainakiliwi. Kila kifaa kinapewa yake.

Hiyo namba 2 ndiyo iliyoniponza, ingawa kitabu kiliisema waziwazi na mimi nikairuka nikiona ni urembo tu. Juzi nimechomoa waya mara ishirini mfululizo: nambari ishirini tofauti.

Mjomba amerudisha pesa zilizozidi. Chai ya wapangaji nimelipa mimi.