Televisheni Katika Nyumba ya Magurudumu

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi. Stashahada yangu niliipata Tanzania, na sasa nafanya kazi Marekani kwa mikataba ya majuma 13, hospitali moja baada ya nyingine. Mkataba ukiisha Texas, mwingine huanza Montana au Oklahoma. Tangu mwaka 2022 mimi, baba watoto na watoto wetu wawili tunaishi katika karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na pikapu. Ina jiko, choo, vitanda vya kupandiana na meza moja ambayo ni ya chakula, ya masomo na ya hesabu za fedha. Wauguzi wengi wa mikataba hapa huishi hivyo, kwa kuwa kupanga nyumba kwa miezi mitatu tu ni gharama kubwa.

Katika nyumba ya namna hii jambo dogo huwa kubwa. Chukua televisheni. Kwenye nyumba ya kawaida, watoto wakiiwasha sebuleni, mama aliyetoka zamu ya usiku hufunga mlango wa chumba chake akalala. Kwetu, kutoka kwenye televisheni hadi kwenye mto wangu ni hatua nne. Mume wangu naye ni mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu. Huwasaidia wagonjwa waliotoka Kongo na Burundi kuelewana na madaktari wao. Akiwa kazini hatakiwi kusikika mpira wala katuni nyuma yake. Kwa hiyo tulipofika kwenye shauri la kuchagua huduma ya televisheni ya setilaiti, tulikuwa tunachagua pia usingizi wangu, kazi yake, na malezi ya watoto.

Mabishano ya mezani

Mwanzo hatukukubaliana. Mume wangu ni mpenzi wa mpira, na muuzaji mmoja alikuwa amempa maneno matamu: ungo bure, king'amuzi bure, chaneli nyingi za michezo. Mimi niliomba karatasi za mkataba nizisome. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kule ndani, kwa maandishi madogo, ilikuwa miaka miwili ya kulipa kila mwezi, na faini kwa atakayevunja mkataba kabla ya wakati.

Nikachukua kalamu. Disemba na Januari mara nyingi tunakwenda nyumbani kuwaona wazazi, na karavani hufungwa. Kati ya mkataba mmoja wa hospitali na mwingine naweza kukaa mwezi bila mshahara. Kuna karo ya mdogo wangu aliye chuoni, ambayo haisubiri. Nilimwuliza mume wangu kwa upole, "Baba, miezi ile tusiyokuwapo tutamlipia nani?" Alinyamaza. Halafu akasema, "Kwetu tulikuwa tunalipia king'amuzi mwezi kwa mwezi. Fedha isipokuwapo, tunazima." Hapo ndipo tulipokutana: tutafute huduma ya mwezi kwa mwezi, isiyotufunga.

Tulichojifunza kuhusu kampuni

Marekani kuna kampuni kuu mbili za televisheni ya setilaiti: DIRECTV, iliyoanza huduma mwaka 1994, na DISH, iliyoanza mwaka 1996. Mwaka 2024 yalitangazwa makubaliano ya ya kwanza kuinunua ya pili, lakini yalivunjika mwezi Novemba mwaka huohuo.

Kwa mwenye karavani tofauti zao ni za maana. DISH imekuwa ikiuza huduma maalumu kwa wasafiri, unayoilipia mwezi unaoitaka na kuisimamisha mwezi usioitaka, pamoja na nyungo ndogo za kubebeka zinazotafuta setilaiti zenyewe. DIRECTV imejulikana kwa michezo mingi. Lakini picha zake nyingi za HD hupita katika masafa ya Ka, ambayo mabakuli madogo yaliyofunikwa ya juu ya karavani kwa kawaida hayayapokei. Anayezitaka hulazimika kuwa na ungo mkubwa zaidi, ama wa kusimamishwa kwenye miguu mitatu, ama wa bei kubwa wa kufungwa juu ya paa. Baba watoto alipoona kwamba kila tukihama atakuwa anashindana na miguu mitatu katika upepo wa Montana, mapenzi yake kwa ile ofa ya bure yalipungua.

Njia ya tatu ni intaneti ya setilaiti. Starlink ilianza kuuza huduma ya karavani mwezi Mei 2022, wakati setilaiti zake nyingi zilikuwa zikizunguka chini, karibu kilomita 550 kutoka ardhini. Familia nyingi za njiani siku hizi hununua intaneti hiyo na kutazama vipindi humo humo. Ni njia nzuri kwa mwenye kazi ya mtandao. Lakini chombo chake hula umeme mwingi kuliko kaungo kadogo ka televisheni, na mtu anayekaa porini kwa betri lazima ahesabu hilo. Sisi kambi zetu nyingi zilikuwa na intaneti ya kutosha kazi ya simu, basi tukaiacha.

Kivuli au picha?

Setilaiti za televisheni ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ndiyo maana kwetu Tanzania, tulio jirani na ikweta, nyungo nyingi hutazama juu sana, kama sinia linalosubiri mvua. Hapa Marekani ungo lazima uelekee kusini. Ukiwa Texas unainuka vizuri. Kadiri unavyokwenda kaskazini, Montana au Minnesota, ndivyo unavyoinama kuelekea upeo wa macho, na ndivyo mti mmoja tu upande wa kusini unavyotosha kukunyima picha.

Sasa fikiri kiangazi cha Texas. Joto hupita nyuzi 38, na kila mwenye karavani anagombania kivuli. Ungo uliofungwa juu ya paa hauwezi kutoka kivulini: ukiegesha chini ya mti umepata ubaridi, umekosa picha. Mimi muuguzi najua joto linavyomfanya mtoto, na nilisema wazi kwamba watoto hawatakaa juani kwa ajili ya televisheni. Tukachagua ungo wa kubebeka. Karavani inakaa kivulini, ungo unawekwa juani mita kadhaa mbele, waya unaunganisha. Ubaya wake ni kwamba lazima uufunge kwa mnyororo usiibwe wala kupeperushwa, na kila ukihama uuanue. Kazi hiyo tulimpa kifungua mimba wetu, mwenye miaka 12, naye huifanya kama askari.

Ungo huo hutazama setilaiti moja kwa wakati mmoja. Televisheni mbili zenye chaneli za setilaiti mbalimbali haziwezekani. Jirani mmoja alituonea huruma. Mimi nilishukuru kimoyomoyo, kwa kuwa maana yake ni televisheni moja, na mazungumzo ya nani anatazama nini. Mpira una siku zake. Katuni zina saa zake, baada ya masomo. Ninapolala mchana haifunguliwi mpaka niamke, isipokuwa kwa visikilizi vya masikioni. Na wakati wa chakula cha jioni imezimwa, kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo wote wanne tunaonana nyuso.

Usiku wa mvua

Nakuja kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Katika kila mji tunapofika natafuta kanisa, na baada ya ibada hujitolea kupima shinikizo la damu. Huko Oklahoma, mama mmoja wa makamo niliyekuwa nampima aliniuliza tunapataje habari za hali ya hewa. Nikamwambia tuna setilaiti. Akatikisa kichwa. "Binti yangu," alisema, "mvua kubwa ikija, ungo wako utakuwa wa kwanza kukimbia. Weka antena ya kawaida, na ununue redio ya hali ya hewa."

Ni kweli. Mawimbi ya setilaiti hufifishwa na mvua nzito. Tena, chaneli za mji huletwa kwa setilaiti kulingana na anwani uliyoandikisha. Ukihama bila kuiarifu kampuni, huenda ukakosa kabisa matangazo ya mji uliopo. Antena ya kawaida haitozwi chochote. Inapokea stesheni za hapo hapo, mradi ukifika mji mpya uiambie televisheni itafute upya chaneli. Ile redio hupokea matangazo ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, na huweza kupiga kengele yenyewe usiku wakati watu wamelala. Tukanunua vyote viwili wiki hiyo.

Usiku mmoja wa Mei nilikuwa zamu. Mvua ilianza saa mbili na nusu, na picha ya setilaiti ikakatika. Redio ikalia. Mume wangu akageuzia televisheni kwenye antena, na mtangazaji alikuwa akitaja barabara zilizo jirani nasi kwa majina: tonado, yaani kimbunga cha nchi kavu, kilikuwa kimeonekana. Karavani si mahali pa kukingia tonado. Upepo huo huibiringisha kama kopo. Alimbeba mdogo, akamshika mkubwa mkono, wakakimbilia vyoo vya matofali ambavyo mwenye kambi alikuwa ametuonyesha siku ya kwanza. Walikaa humo na majirani zaidi ya saa nzima, wakiimba nyimbo za Shule ya Jumapili. Mimi wodini nilikuwa nawasukuma wagonjwa kwenye korido, mbali na madirisha, bila kujua wanangu wako wapi, mpaka simu iliponifikia. Kimbunga kilipita pembeni. Kwetu kiliangusha tawi tu.

Kwa wewe unayechagua

Huenda hutaishi kamwe kwenye karavani. Hata hivyo maswali ni yale yale, uwe Morogoro au Minnesota. Kwanza, mkataba unanifunga kwa muda gani, na mwezi nikikosa fedha itakuwaje? Pili, chombo hiki kinafaa mahali ninapokaa kweli, au mahali anapopazungumzia muuzaji? Tatu, kikikatika, nitapata wapi habari ambayo familia yangu inaihitaji? Na nne, ambalo muuzaji hatakuuliza: nani ana mamlaka juu ya rimoti, na ni saa ngapi inawekwa chini?

Kaeni mezani, mama na baba, mjibu haya kabla ya kutoa senti. Mkiwa na watoto wakubwa, wasikilizeni nao. Sisi tulimaliza kwa huduma ya mwezi kwa mwezi, ungo mmoja wa kubebeka, televisheni moja, antena moja na redio moja ndogo. Kati ya vyote, redio ndiyo ya bei ndogo kabisa, na ndiyo inayolala karibu na kichwa cha mume wangu kila usiku nikiwa zamu.